Ameinuliwa, Hajainuka

Unaniuliza, Ludka, kompyuta gani ununue,
programu ipi, na kama cheti cha miezi sita kinatosha.
Ngoja niweke birika. Swali lako ni refu
kuliko ulivyolikata.

Mwaka wangu wa kwanza kule Łódź
sikugusa kompyuta hata siku moja.
Bi Halszka alitugawia vigunia vya unga,
cha kilo moja kila mtu, mdomo umeshonwa kwa uzi mwekundu,
akasema: kichoreni kikiona haya.
Hakina uso. Hakina mikono.
Nilikichora mara mia mbili na kumi.
Kiliona njaa, kiliona baridi,
kilifanana na mjomba Zenek akitoka baa.
Haya hakikuona.

Nikasoma mifupa: kwa nini goti
hukunjika upande mmoja tu.
Nikasoma paka, anavyokanyaga kwa mguu wa nyuma
palepale ulipotoka wa mbele;
theluji juu ya bati la jirani ndiyo iliyokuwa daftari langu.
Nikairudia fizikia niliyoikimbia sekondari:
mpira ukidunda haurudi ulikotoka,
kila mdundo hupungukiwa kidogo,
kama mshahara.

Nikasoma midomo. Usiku, kwenye kioo cha bafu la bweni,
ma, ba, pa, fu, vu,
mpaka Jagna akagonga mlango kuniuliza
naongea na nani.

Na kituo cha tramu, karibu na kiwanda kikuukuu cha pamba,
nilisimama na saa ya kupimia sekunde mfukoni.
Mwanamke mwenye kapu la viazi: hatua moja, sekunde nzima.
Mtoto anayechelewa shule: hatua tatu ndani ya hiyohiyo.
Akapita mwanamume aliyeshika shada la maua
kichwachini, kama ufagio.
Huyo sikumpima.

Ndipo ukaja mtihani: mzee ainuke kitini.
Sekunde mbili. Michoro arobaini na minane.
Wangu alipanda kama lifti.
Bi Halszka akatazama mara moja, akavua miwani.
"Ameinuliwa," akasema. "Hajainuka."

Nikarudi nyumbani Februari na karatasi zangu zilizokunjamana.
Baba alikuwa amekaa hapo ulipokaa wewe.
Unajua miaka yake thelathini ya mashine za kufuma
ilivyomwachia mgongo.
Postamani akapiga kengele. Baba akasema, naja,
na kwanza akarudi nyuma.
Ndiyo, nyuma. Akavuta miguu chini ya kiti,
kiganja kikatafuta ukingo wa meza,
kidevu kikashuka, pumzi ikaingia,
mwili wote ukazama kidogo
kabla haujaanza kupanda.
Katikati ya safari akakwama. Akaniona namwona.
Mkono ukanyooka kuchukua chumvi
ambayo hakuna aliyeihitaji,
kana kwamba chumvi ndiyo aliyoiendea tangu mwanzo.

Usiku ule sikulala. Nilichora chumvi.
Kisha nikakitoa kigunia,
nikakichora kikijigeuza taratibu
kuuficha mshono uliofumuka.

Bi Halszka aliitazama michoro yangu mara nne, kimya.
Mwishowe akasema: "Namba kumi na tisa
ina vidole sita."
Nikafuta. Kufuta nako ni somo,
tena halina likizo.

Kompyuta ilikuja mwaka wa tatu.
Niliijua kwa wiki saba. Ni kalamu tu,
ya bei mbaya, inayojisasisha usiku bila kuomba ruhusa.
Nunua yoyote utakayoimudu.
Cheti nacho ukipate, hakiumi.

Haya, birika linapiga mluzi.
Inuka ulete vikombe.
Polepole, Ludka.
Nakutazama.